Bajeti ya utafiti wa trakoma wilayani: anza na siku za gari, shilingi zitafuata

Mhasibu akipokea bajeti ya utafiti wa magonjwa yasiyopewa kipaumbele, jicho lake hukimbilia kwenye vifaa: lensi, simu, glavu, dawa. Huko ndiko anakokata. Nimewahi kuona bajeti ikirudi imepunguzwa glavu boksi nne na kalamu, huku mstari wa magari, uliobeba zaidi ya theluthi ya fedha zote, umepita bila kuulizwa. Utafiti wa namna hii hauli fedha kwa idadi ya macho yaliyopimwa. Unakula kwa idadi ya siku ambazo gari na watu watatu wamelala nje ya kituo chao. Ukilishika hilo, bajeti nzima unaweza kuiandika mezani kwa saa mbili na ukaitetea mbele ya yeyote.

Natumia trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza unaoweza kupofusha, kwa sababu utaratibu wake umenyooka kuliko wa magonjwa mengine. Kati ya 2012 na 2016 mradi wa kuchora ramani ya trakoma duniani ulipima watu milioni 2.6 katika nchi 29 kwa mtindo mmoja, taarifa zikiingizwa kwenye simu. Tangu 2016 huduma ya Tropical Data imeendelea na mtindo huohuo, ikizisaidia wizara katika usanifu, mafunzo, programu ya simu na uchakataji wa takwimu. Kwa hiyo mratibu wa Ngorongoro na mwenzake wa Turkana wanaweza kukaa meza moja wakaelewana.

Na kwa nini hesabu hii sasa? Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipositisha fedha za USAID, miradi ya magonjwa haya ilikuwa miongoni mwa iliyosimama. Zamani mtu wa shirika alikuja na bajeti yake kwenye kompyuta. Leo halmashauri inaambiwa iandike yenyewe.

Kwanza, jua unajibu swali gani

Tafiti za trakoma haziko sawa, na kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kulipia jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Utafiti wa msingi huuliza kama ugonjwa upo kiasi cha kuhitaji dawa. Utafiti wa matokeo huja angalau miezi 6 baada ya mzunguko wa mwisho wa kugawa dawa, ukiuliza kama tusimame. Utafiti wa ufuatiliaji huja miezi 24 baada ya ule wa matokeo uliofaulu, kuuliza kama ugonjwa umerudi. Kisha upo utafiti wa vikope peke yake, yaani kope zilizogeukia ndani na kukwaruza jicho, ambao unahusu watu wazima.

Vipimo vya kufaulu vimewekwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa watoto wa miaka 1 hadi 9, wenye alama ya TF, yaani vipele vya trakoma ndani ya kope la juu, wawe chini ya asilimia 5. Kwa watu wa miaka 15 na zaidi, wenye vikope ambao mfumo wa afya hauna habari nao wawe chini ya asilimia 0.2. Eneo la tathmini kwa kawaida lina watu 100,000 hadi 250,000, ambalo kwetu mara nyingi ni wilaya moja. Wilaya kubwa hugawanywa, na kila kipande kina bajeti yake. Usijaribu kuunganisha wilaya mbili ili ulipie utafiti mmoja. Jibu utakalopata halitaruhusu kusimamisha dawa popote.

Kutoka watoto hadi klasta

Tuchukue utafiti wa matokeo. Tunatarajia TF iwe karibu asilimia 4, na tunakubali kukosea kwa asilimia 2 juu au chini. Kanuni ya kawaida ya sampuli inatoa 1.96 × 1.96 × 0.04 × 0.96, ugawe kwa 0.02 × 0.02. Jibu ni watoto 369. Lakini watoto wa kijiji kimoja hufanana. Wanachangia nzi, maji na shuka, hivyo kumpima wa pili hakukupi habari mpya kama kumpima wa kijiji cha mbali. Ndiyo maana tunazidisha kwa 2.63, tunapata 970. Tunaongeza asilimia 20 kwa ajili ya watakaokosekana: 1,164.

Hadi hapo ni hesabu za darasani. Kinachoamua fedha ni swali linalofuata: kaya moja ina watoto wangapi wa umri huo?

Ukiweka 1.3 kwa kaya, unahitaji kaya 895. Klasta moja, yaani kundi la kaya jirani za kijiji kimoja zinazopimwa pamoja, ina kaya 30, kwa hiyo klasta 30. Ukiweka mtoto 1.0, unahitaji kaya 1,164, ambazo ni klasta 39. Tofauti hiyo ndogo ya nukta tatu imekuongezea siku 9 za gari. Na ukikosea upande wa pili, yaani ukaandika 1.3 wakati ukweli ni 1.0, utarudi mjini na watoto wachache kuliko 970, hata ile akiba ya asilimia 20 isikuokoe, na timu irudi barabarani kwa fedha ambazo hazimo kwenye bajeti. Usiweke wastani wa taifa. Sensa ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya Tanzania nzima, lakini wilaya ya wafugaji na wilaya ya mji mdogo haziko sawa. Tafuta jedwali la umri la wilaya yako, na kama uliwahi kufanya utafiti hapo awali, tumia namba yako mwenyewe.

Kuna ujanja unaowapitia wengi kichwani: kwa nini tusiende vijiji 20 tu, kaya 45 kila kimoja? Vijiji 20 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika, kweli. Ila timu haimalizi kaya 45 kwa siku moja. Utalala pale, utapima kaya 15 zilizobaki asubuhi, kisha mchana umepotea. Kaya 30 zilichaguliwa kwa sababu ndizo zinazoingia kwenye siku moja.

Siku moja ya timu, kwa karibu

Timu ni mpimaji, karani na dereva. Kijijini wanaungana na mwenyekiti wa kitongoji, au mtu atakayemteua, pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Saa kumi na mbili asubuhi gari linaondoka. Saa mbili wako kwa mtendaji wa kijiji, kitabu cha wageni kinasainiwa, ramani inachorwa chini kwa kijiti au kwenye karatasi: hapa kisima, hapa shule, hapa boma la mzee fulani. Kitongoji kinagawanywa vipande vya kaya kama 30 kila kimoja, vikaratasi vinakunjwa, mtoto anaokota kimoja. Kipande kilichookotwa ndicho kitakachopimwa chote, hata kama kiko ng'ambo ya korongo.

Bomani, karani anaanza. Kama ni Umasaini na karani hajui Kimaasai, hapo hapo umeshapoteza nusu saa. "Koko, tunaomba tuone macho ya wajukuu." Koko, yaani bibi, anauliza kama kuna sindano. Hakuna. Anawaita. Mpimaji anasafisha mikono kwa spiriti, anavaa lensi za kukuza mara 2.5, anamkalisha mtoto kichwa kikielekea mwanga, na kwa kidole gumba anageuza kope la juu. Anatafuta vipele vyeupe katikati ya utando wa ndani: vikiwa vitano au zaidi, kila kimoja kisichopungua nusu milimita, hiyo ni TF. Anatamka jicho la kulia, kisha la kushoto. Karani anarudia kwa sauti na kubonyeza simu. Mikono inasafishwa tena. Mtoto mmoja haifiki dakika mbili, ukiondoa yule wa miaka mitatu aliyejificha uvunguni.

Kwa hiyo muda hauishii kwenye macho. Unaishia kwenye kutembea, kusalimiana, kuorodhesha kaya nzima kwenye simu, na kusubiri watoto wanaochunga mbuzi. Ukitaka kupunguza gharama ya siku, hapo ndipo pa kufikiria: fika kabla mifugo haijatoka, na taarifa iwe imefika kijijini siku mbili kabla.

Mwaka mmoja tulifika kijiji cha wafugaji siku ya mnada. Tulimkuta bibi mmoja na ndama. Karani wetu alikuwa na orodha nzuri ya klasta, imepangwa kwa umbali, lakini hakuna aliyekuwa ameuliza mnada ni lini. Siku ile iligharimu sawasawa na siku iliyopima watoto 40.

Sasa ipe siku bei

Viwango ninavyoweka hapa ni vya kufundishia. Weka vya waraka wa posho unaotumika kwenu, na bei ya dizeli ya wiki hii.

Posho ya mpimaji 120,000, ya karani 120,000, ya dereva 100,000: jumla 340,000. Kukodi gari la magurudumu manne 200,000. Mafuta, tuseme kilomita 140 kwa siku, gari linakwenda kilomita 7 kwa lita, lita 20 kwa 3,000: 60,000. Kiongozi wa kitongoji na mhudumu wa jamii, 20,000 kila mmoja: 40,000.

Siku moja ya timu moja ni Sh 640,000. Kwa kuwa siku moja ni klasta moja, klasta 30 ni Sh 19,200,000.

Utaambiwa gari la halmashauri ni la bure. Si la bure. Linakula matairi, linahitaji sevisi, na ndilo gari lilelile linalopeleka chanjo na kubeba wagonjwa wa rufaa. Jumatano utapigiwa simu lirudi. Mimi huliweka kwenye bajeti kwa thamani ya kukodi. Likipatikana bila malipo, fedha hizo zinakuwa akiba, na likiitwa, sina haja ya kuomba msamaha kwa mtu.

Siku ambazo hazipimi mtu

Timu tatu zikigawana klasta 30, kila moja ina siku 10 za kazi. Ongeza siku mbili za safari, kwenda na kurudi, na siku moja ya mapumziko katikati. Mapumziko si anasa: mpimaji aliyechoka huanza kuona vipele visivyopo, au kutoona vilivyopo, na kumbuka tunabishania tofauti ya asilimia 4 na asilimia 5.

Siku hizo tatu hazina mafuta ya kazi lakini zina posho na gari: 540,000 kwa siku, mara 3, mara timu 3, ni 4,860,000. Mafuta ya safari, kilomita 800 kwenda na kurudi, ni lita 115 au 345,000 kwa gari. Magari matatu 1,035,000.

Msimamizi ana gari lake. Posho 150,000, dereva 100,000, gari 200,000, kwa siku 13: 5,850,000. Mafuta yake, ya kazi na ya safari, 945,000.

Safari ya utangulizi: maofisa wawili na dereva, siku 5, kuwaona mkurugenzi, mganga mkuu wa wilaya na watendaji wa kata, kuuliza barabara zipi zimekatika na minada iko siku gani. Kwa 600,000 kwa siku ni 3,000,000. Huu ndio mstari wa kwanza kufutwa na wakubwa, na ndio unaorudisha fedha yake haraka kuliko yote. Siku tano zilizopotea kwa timu zinakaribia thamani hiyo, na bila utangulizi siku tano hupotea kirahisi.

Mafunzo yanapanda bei ugonjwa unaposhuka

Mpimaji haaminiwi kwa cheti cha uuguzi wa macho peke yake. Lazima apimwe: yeye na mpimaji bingwa wanaangalia watoto 50 walewale, kila mtu kwa siri yake, kisha majibu yanalinganishwa. Kipimo cha makubaliano kinachoitwa kapa kisipofika 0.7, haendi kijijini. Ndiyo maana unafunza wapimaji wanne kupata watatu.

Tatizo jipya ni kwamba ili kumjaribu mtu kama anaitambua TF, unahitaji watoto wa kutosha wenye TF. Wilaya nyingi zimeshapona. Kwa hiyo mafunzo yanahamia kule ambako ugonjwa umegoma kuondoka, mara nyingi mbali na mji wenye ukumbi na umeme, na mstari wa mafunzo unavimba kila mwaka kwa sababu ya mafanikio yetu wenyewe. Mtu asipoelewa hilo atadhani unaiba.

Kwa mfano wetu: wapimaji 4 na wakufunzi 2 kwa siku 4, makarani 4 kwa siku 2, wote kwa 120,000, ni 3,840,000. Ukumbi na chai, 25,000 kwa mtu kwa siku: 800,000. Gari la kwenda kijiji cha majaribio siku 2: 520,000. Jumla 5,160,000.

Vifaa, na mrejesho

Lensi, tochi, spiriti ya mikono, dawa ya macho ya tetrasaiklini kwa watakaokutwa na ugonjwa, bando, chaji za kubebea: 1,500,000, kama simu tayari zipo. Kikao cha mrejesho wilayani: 1,000,000. Hapa hapana mengi ya kusema.

Jumla inasemaje

Timu kazini: 19,200,000
Siku zisizo za kazi: 4,860,000
Mafuta ya safari ya timu: 1,035,000
Usimamizi: 6,795,000
Mafunzo: 5,160,000
Utangulizi: 3,000,000
Vifaa: 1,500,000
Mrejesho: 1,000,000
Jumla: 42,550,000
Dharura asilimia 10: 4,255,000
Jumla kuu: Sh 46,805,000

Ukivunja ile 42,550,000 kwa aina ya matumizi badala ya shughuli, posho za kila namna ni 23,250,000 na magari pamoja na mafuta ni 16,000,000. Mbili hizo ni asilimia 92. Vitu vingine vyote, pamoja na zile glavu, vinagombania 3,300,000.

Sura hiyo si ya mfano wangu tu. Mwaka 2011 ilichapishwa hesabu ya tafiti 165 za trakoma kutoka nchi 8, ikiangalia gharama za ziada bila mishahara ya serikali. Ukizipanga tafiti hizo kuanzia ya bei ndogo hadi kubwa, iliyokaa katikati iligharimu dola 4,784 kwa wilaya, na kwa klasta dola 311. Kule pia watu na usafiri ndio walioimeza fedha. Dola hizo ni za miaka ile, kwa hiyo usimpelekee mfadhili kama bei ya leo. Mpelekee kama ushahidi wa mgawanyo.

Pa kukata, na pasipoguswa

Wazo linalokuja haraka ni kuongeza timu ili kazi iishe mapema. Tulijaribu kwenye karatasi: timu 5, siku 6, bila siku ya mapumziko. Msimamizi anapunguza siku, unaokoa 2,490,000. Lakini safari za magari mawili zaidi na siku zake zinakula 1,230,000, na wapimaji wawili na makarani wawili wa ziada kwenye mafunzo wanakula 1,740,000. Umeongeza gharama kwa 480,000, na msimamizi mmoja sasa anakimbizana na timu tano. Siku za timu zimebaki zilezile 30. Ongeza timu kama mvua inakukimbiza, usiongeze kwa kutafuta nafuu.

Nafuu ya kweli iko kwenye kuunganisha safari, huku kila wilaya ikibaki na sampuli yake. Ukipima wilaya mbili jirani kwa mkupuo mmoja, ya pili haihitaji mafunzo (5,160,000), haihitaji siku za safari za timu (3,240,000) wala mafuta yake pamoja na ya msimamizi (1,380,000), na msimamizi anaokoa siku mbili (900,000). Hiyo ni 10,680,000, robo ya gharama ya wilaya. Hakuna mstari mwingine kwenye bajeti utakaokupa hivyo. Ndiyo maana kalenda ya tafiti inapaswa kupangwa kimkoa, na si kila mganga mkuu wa wilaya kuomba kivyake kwa mwezi anaoutaka.

Usiguse usimamizi. Programu ya simu hurekodi mahali kila kaya ilipo, na jioni msimamizi akifungua ramani ataona kama kaya 30 zimetawanyika kitongojini au zimejipanga kando ya barabara kama nguzo za umeme. Nimeziona hizo nguzo. Bila mtu wa kuuliza usiku uleule, unagundua baada ya mwezi, na klasta inarudiwa.

Usikate pia klasta ya mbali. Kijiji ambacho gari linafika kwa saa nne, ng'ambo ya mto, ndicho ambacho dawa nazo hazikufika vizuri. Ukikibadilisha na cha karibu umeokoa laki moja ya dizeli na umeharibu jibu. Na jibu baya lina bei: wilaya ikipata TF asilimia 5 au zaidi inaendelea kugawa dawa, na ingawa azithromaisini inatolewa bure na Pfizer, kuisambaza kaya kwa kaya hakutolewi bure na mtu.

Yanayosahaulika

Wagonjwa wa vikope. Katika kaya 900 utakutana na watu wazima wengi, na hata kama ni wachache wenye vikope, huwezi kumwambia mama kope zako zinakukwaruza jicho kisha ukapanda gari. Weka nauli ya rufaa na makubaliano na mpasuaji kabla hujatoka. Kama swali lako kuu ni vikope, jua kwamba sampuli ni nyingine kabisa: watu wazima 2,818 kabla ya kuongeza wasiopatikana, kwa sababu unatafuta kitu cha wawili katika elfu.

Kibali cha maadili. Maombi yana ada na yana foleni. Uliza mapema wizarani kama utafiti wako unaingia chini ya kibali cha mpango wa taifa au unahitaji chake, kwa Tanzania kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa. Timu ikiwa imeshafunzwa huku kibali hakijatoka, unalipia mafunzo mara mbili.

Kalenda. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Fedha zikiingia akaunti ya halmashauri Juni 10, nusu zitarudi hazina kabla hujapata saini ya tatu. Julai nayo mifumo inafunguliwa polepole. Masika barabara za udongo mweusi hazipitiki. Kiangazi kikikaza wafugaji wamehama. Kinachobaki si kirefu, kwa hiyo andika mwezi kwenye bajeti, usiandike "robo ya tatu".

Maji ya kunywa ya timu. Sitanii.

Ukitaka kubandika magonjwa mengine

Wafadhili hupenda kuuliza: mkiwa huko, kwa nini msipime na kichocho na minyoo? Kwa sababu kichocho na minyoo hupimwa zaidi shuleni, na trakoma nyumbani. Gari ni lile, lakini nyumba si shule. Halafu kichocho cha tumbo, kile cha Kanda ya Ziwa, hupimwa kwa kinyesi: bamba la Kato-Katz la miligramu 41.7, mayai yanahesabiwa na kuzidishwa kwa 24, na mayai ya safura hupotea machoni yasiposomwa ndani ya saa moja hivi. Hapo kinachobana ni hadubini na mafundi wa maabara, na bajeti yake inapaswa kuandikwa kwa idadi ya slaidi ambazo fundi mmoja anaweza kusoma kwa siku bila kudanganya. Kichocho cha mkojo cha pwani na visiwani ni chepesi zaidi, mililita 10 za mkojo na chujio.

Matende na mabusha ni hadithi nyingine. Utafiti wa kupima kama maambukizi yamekatika hulenga watoto wa miaka 6 na 7, na eneo lake linaweza kufika watu milioni 2, kwa hiyo gharama kwa kila mkazi ni ndogo. Ila vipimo vyake vya damu vina tarehe ya kuisha, na husomwa dakika ya 10 kamili, si ya 25 baada ya chai. Ukichelewesha safari kwa miezi mitatu kwa sababu ya kibali, unaweza kukuta boksi zima limepitwa.

Kinachounganika vizuri ni utangulizi, usimamizi na mrejesho. Vingine viandikie bajeti yake.

Mkirudi

Masurufu yanarejeshwa na risiti za mashine, na vijijini hakuna mashine. Kubaliana na mhasibu kabla ya safari ni karatasi gani atapokea kwa posho ya mwenyekiti wa kitongoji: fomu yenye jina, saini au dole gumba, na muhuri wa kijiji. Ukimuuliza baada ya safari, fedha hizo zitakatwa kwenye mshahara wako.

Halafu kaa na madereva, siku ileile, kabla hawajapewa safari nyingine. Mbele yao fungua vitabu vya safari na andika kwa kila klasta: kilomita, lita, saa ya kufika, saa ya kuondoka, kaya zilizopatikana, watoto waliopimwa. Gawanya watoto kwa kaya. Hiyo namba, iwe 1.1 au 1.6, izungushie duara jekundu na uibandike ndani ya jalada la faili. Ndiyo itakayofungua bajeti ya miezi 24 ijayo.